Wanafunzi wametuletea programu isiyokijua kikoba chetu

SWALI: Mwanangu, mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 28 hapa Morogoro. Wanafunzi wanne wa chuo walituomba tuwe projekti yao ya mwaka wa mwisho. Wakauliza tunataka nini, tukajibu programu ya kutunza hesabu. Walicholeta kinapendeza machoni, ila kinamdai kila mwanachama barua pepe, na mtu akileta nusu ya rejesho kinakataa. Jumamosi wanarudi. Niwaambie nini?
Mweka hazina, Morogoro

JIBU: Shikamoo mama. Safari hii usiwaambie, waonyeshe. Mimi nikiwa mwanafunzi niliandika programu ya duka la mtaani iliyohesabu mafuta kwa chupa tu. Mwenye duka alikuwa anauza mafuta ya kupima. Hakunitajia kwa kuwa kwake ni jambo la kila siku, nami sikuwahi kusimama kaunta hata asubuhi moja.

Basi Jumamosi wakalishe karibu na sanduku. Wenye funguo wafungue, hisa zihesabiwe, mfuko wa jamii uchangwe, wao wakiwa kimya na kalamu mkononi. Waandike hasa pale mnapokiuka kanuni zenu wenyewe: aliyemtuma jirani amlipie, faini iliyosamehewa kwa sababu ya msiba, elfu kumi iliyopokelewa badala ya ishirini. Kikao kikiisha, fungueni daftari pamoja, wakuulize kila ulipofuta na kila ulipoandika pembeni.

Kabla hawajarudi kwenye kompyuta, wachore kurasa za programu kwenye karatasi. Chukua rejesho moja la wiki iliyopita, uliingize kwa kugusa karatasi kwa kidole, huku ukisema unachowaza. Ukikwama wasikuelekeze, waandike ulipokwama, wachore upya. Nimeona mchoro ukirudiwa mara tatu kwa saa moja. Programu ikishaandikwa hakuna anayekubali kuirudia hivyo.

Barua pepe? Waulize ya nini. Nadhani waliikuta kwenye mfano fulani wakaiacha.

Halafu wana mitihani, kwa hiyo muhula huu wabebeshe marejesho peke yake. Mgao wa mwisho wa mwaka ubaki daftarini, na daftari lenyewe liendelee kuandikwa sambamba hadi hesabu zilingane vikao kadhaa. Na kabla hawajaondoka, wakuandikie nani atashika nywila wakishahitimu.