Kickstarter hairudishi pesa mradi ukikwama

Ukichangia mradi kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, nao ukakwama, wao wenyewe hawakurudishii pesa. Kadi yako hukatwa pale tu lengo la pesa la mradi linapofikiwa kabla ya muda kwisha. Lisipofikiwa, hukatwi hata senti. Likifikiwa, Kickstarter inachukua 5% yake, ada ya malipo inatolewa, na zilizobaki zinakwenda kwa mwenye mradi. Huyo ndiye unayemdai. Masharti yao yanasema akishindwa kukamilisha, aeleze pesa zilivyotumika na arudishe zilizosalia, kama zipo. Utafiti wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, 2015, ulikuta takriban 9% ya miradi iliyofikia lengo haikutoa ilichoahidi. Kuchelewa ndiko kumezoeleka zaidi, hasa vifaa vya elektroniki, kwa hiyo kabla ya kuchangia hakikisha mwenye mradi ana sampuli inayofanya kazi.