Swali la lugha: "Washa upya" ni gari au ni redio?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Morogoro. Siku hizi kazi yangu kubwa ni kufunga redio za skrini, zile za Android, kwenye magari yaliyotoka Japani. Nikimaliza kufunga naweka lugha ya Kiswahili, wateja wanaipenda. Juzi mteja mmoja, mtu mzima, skrini ilimwandikia: 'Sasisho linapatikana. Pakua na usakinishe.' Akakubali. Ikaandika 'Inapakua', kisha ikamwuliza: 'Washa upya ili kusakinisha?' Mzee akageuza ufunguo akazima gari, akapiga stata. Redio ikakwama kwenye nembo na mpaka leo haijaamka. Sasa ananidai mimi. Naomba kujua, kosa ni la mzee au la Kiswahili? Halafu hilo 'sasisho' ni neno kweli? Sisi gereji tunasema kuapdeti, basi."

Marahaba, fundi. Mzee mwondolee lawama. Skrini ilimwambia awashe upya, naye akawasha upya. Ndani ya gari, kuwasha kuna maana moja inayotangulia nyingine zote: kuwasha gari. Amelitumia neno hilo tangu alipojifunza udereva, na pengine hata kabla, maana kila mtoto aliyelelewa karibu na stendi amewahi kusikia "washa gari twende". Aliyetafsiri maneno ya redio ile alikuwa anafikiria simu. Simu haina injini. Ukiambiwa uwashe simu upya, hakuna kingine cha kuwasha.

Wewe unajua kuliko mimi kilichotokea baada ya pale. Stata ikivuta, umeme wa redio hukatika kwa muda mfupi ili betri ielekeze nguvu kwenye injini. Redio ilikuwa imeanza kuandika programu mpya juu ya ile ya zamani, ikakatiwa umeme katikati ya sentensi. Ipo mifumo inayoweka nakala mbili za programu, ya kutumia na ya akiba, na Android yenyewe iliruhusu mpango huo tangu toleo la 7 la mwaka 2016. Lakini si kila redio ya bei nafuu imejengwa hivyo.

Kwa hiyo maneno ya kulaumu ni mawili tu, na tatizo lake ni kwamba yalikuwa na kazi kwenye gari kabla kompyuta haijayaazima. Hapo ndipo ugumu wote wa skrini za magari ulipo kwa upande wetu. Watafsiri wamebeba maneno ya simu wakayapandisha kwenye gari, wakayakuta wenyeji wake tayari wamekaa.

Tazama "pakia" na "pakua". Kwenye simu tumeshazoea: unapakua wimbo, unapakia picha. Yameteuliwa vizuri sana, kwa sababu kupakia ni kuweka shehena na kupakua ni kuitoa, ikiwa ni jahazini au chunguni. Mama anapakua wali, mimi napakua programu, sote tunakitoa kitu kilipo na kukileta kwenye sahani. Sasa chukua neno hilo uliweke kwenye skrini ya lori. Dereva wa Fuso anaona imeandikwa "Inapakia, subiri." Utingo akichungulia atauliza inapakia nini, na mzigo tulishaushusha Chalinze. Nimetia chumvi kidogo, lakini jambo lenyewe ni la kweli: gari ni chombo cha kupakia na kupakua, na huwezi kumtaka dereva asahau maana hiyo kwa sababu ya kioo cha inchi kumi. Dawa ni kutaja kinachopakuliwa. "Programu mpya inapakuliwa" haina utata hata kwenye semi-trela.

Umeona nimesema "kioo". Hilo nalo! Kwa simu, kioo ni skrini: kioo cha simu kimepasuka, kioo hakishiki vidole. Kwenye gari kioo ni cha mbele, cha nyuma, cha mlangoni, cha pembeni cha kutazamia wanaokuja. "Gusa kioo ili kuendelea" ni maagizo ya ajabu kwa mtu aliyezungukwa na vioo vinane. Andika "skrini" na usione haya. Neno "kiolesura", yaani sura ya programu unayoiona na kuigusa, nalo lina heshima zake vitabuni, ila sijawahi kumsikia dereva akililalamikia kwa jina hilo.

Tuje kwenye "sasisha", maana hapo umeuliza swali ambalo naletewa mara nyingi, na wengi huniletea wakiwa wameshakasirika.

Ni neno halali kabisa na limezaliwa kwa njia ya kawaida. Kiswahili kina tabia ya kuchukua neno lisilo kitenzi, kulikata irabu ya mwisho na kulivalisha kiambishi cha kusababisha. Lazima huzaa lazimisha. Haraka, harakisha. Hakika, hakikisha. Taifa, taifisha. Imara, imarisha. Sasa, sasisha: kufanya kitu kiwe cha sasa. Hata irabu imefuata sheria. Shina lenye "a" huchukua -isha, ndiyo maana hatusemi "sasesha", lakini bora lenye "o" hutoa boresha. Wale wanaoandika "sasaisha" wanadhani wanalilinda neno sasa lisikatwe. Mbona hawaandiki "lazimaisha"?

"Boresha" si kosa, ila ni ahadi. Tanzania tuna mfano wake mkubwa: Daftari la Kudumu la Wapiga Kura halisasishwi, huboreshwa, na kila mtu anaelewa kwamba majina yanaongezwa, yanafutwa na kurekebishwa. Kwa daftari sina neno. Kwa programu ya gari naona ni mapema mno kusema imeboreshwa kabla dereva hajaendesha. Sote tumewahi kupokea toleo jipya la kitu tukalililia la zamani. "Sasisha" halijisifu. Linasema tu kwamba hili ni la leo.

"Huisha" ni neno zuri, lina pumzi ya uhai ndani yake, na ofisini hulitumia sana: kuhuisha taarifa, kuhuisha leseni. Kwa sababu hiyohiyo ningeliepuka kwenye dashibodi. Dereva akiona "Huisha sasa" atafikiria leseni yake au bima, atatafuta pa kuegesha kabla trafiki hajamwona.

Na "kuapdeti"? Gereji endeleeni nalo. Neno la kazini halihitaji kibali changu. Ila likishaandikwa kwenye skrini linaanza kusumbua tahajia, maana nimeliona kwa sura nne tofauti, moja ikiwa na kistari katikati.

Sarufi ndogo, kwa kuwa nimeona skrini nyingi zikiteleza hapa. Sasisho ni kifurushi chenyewe, usasishaji ni kazi ya kukiweka. Sasisho ni la ngeli ya gari na jina: sasisho jipya, masasisho mapya, si "sasisho mpya". Na "Sasisho linapatikana" linaeleweka, lakini halina harufu ya nyumbani. Muuza duka akiwa na sukari hasemi "sukari inapatikana" isipokuwa kwenye bango. Anasema ipo. "Kuna sasisho jipya" ni fupi na ndivyo mtu angekwambia.

Kisha lile "Inasasisha", "Inapakua", "Inasakinisha". Nani? Kiambishi i- kinamtaja mtendaji wa ngeli ya programu au redio, lakini hatajwi popote, na gari si la ngeli hiyo. (Najua, barabarani ni "gari yangu". Mimi mwenyewe husema hivyo nikiwa na haraka.) Kwa simu tunavumilia kwa kuwa kuna kitu kimoja tu mkononi. Garini kuna redio, kuna mfumo wa breki, kuna kompyuta ya injini, na kwa magari mapya kila kimoja kinaweza kuletewa programu yake. Hebu mtaje: "Redio inasasishwa." "Programu ya breki inasasishwa." Kuna tofauti kubwa kati ya hizo mbili kwa mtu anayeshuka mteremko wa Kitonga.

Tena si suala la ufasaha peke yake. Tesla walipotoa Model S mwaka 2012 ikiwa na skrini ya inchi 17, gari likaanza kupokea programu kwa njia ya hewa kama simu, na wengine wakafuata. Januari 2019 gari la NIO la nchini China lilikwama kwenye barabara kuu ya Chang'an, katikati ya Beijing, kwa zaidi ya saa nzima, kwa sababu usasishaji ulianzishwa likiwa kwenye foleni. Leo ipo Kanuni namba 156 ya Umoja wa Mataifa kuhusu programu za magari, ambayo Umoja wa Ulaya unaitaka kwa magari yote mapya tangu Julai 2024. Inataka mwenye gari aelezwe, kabla ya kazi kuanza, sasisho ni la nini, litabadilisha kitu gani, litachukua muda gani, kipi hakitafanya kazi wakati huo, na yeye afanye nini ili limalizike salama. Kwa maneno mengine, sheria inadai sentensi zinazoeleweka. Redio za kufungwa mtaani haziguswi na kanuni hiyo, lakini Japani ni miongoni mwa nchi zinazoifuata, na magari ya Japani ndiyo tutakayoyapokea baada ya miaka michache. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo haya yanayosasishwa hewani yatafika upesi kuliko tunavyodhani. Sasa hivi tunachokijua zaidi ni yule dada wa Kijapani anayetusalimia kila asubuhi tukigeuza ufunguo. Wengi hudhani anatukaribisha. Anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa.

Kuna jambo la urefu pia. Kiswahili hupenda maneno marefu, na skrini ina nafasi yake ileile. Mtafsiri akishindwa kupenyeza "Usakinishaji umeahirishwa" kwenye kitufe, mtengenezaji hupunguza herufi. Februari 2024 Tesla walilazimika kurekebisha magari takriban milioni 2.2 huko Marekani kwa sababu herufi za taa za tahadhari, zikiwemo za breki, zilikuwa ndogo kuliko kimo cha milimita 3.2 kinachotakiwa na sheria. Magari yote hayo yalisemekana "yameitwa yarudishwe", na hakuna hata moja lililohitaji kurudi, dawa ilitumwa hewani. Nalo hilo ni neno linalohitaji kutafutiwa Kiswahili siku nyingine. Ninachotaka uone ni kwamba herufi zina bei. "Sakinisha" ina herufi tisa na asili yake ni sakini, kukaa mahali ukatulia. Nalipenda. Lakini "weka" ina nne, na hakuna anayeuliza maana yake. Kwenye gari chagua "weka".

"Ahirisha" iache ilivyo, kila mwenye kesi mahakamani anaijua. "Ghairi" pia ni nzuri, mtu amebadili mawazo. "Sitisha" iogope: wapo wanaoielewa kuwa ni kusimamisha kwa muda, wapo wanaoielewa kuwa ni kukomesha kabisa, na katikati ya kuandika programu tofauti hiyo inagharimu redio.

Kuhusu kuegesha, watu husema "paki" na wataendelea. "Egesha" tumelirithi kutoka kwa mabaharia, chombo kikiletwa ubavuni mwa gati, nalo linakaa vizuri kwenye skrini kwa sababu halina maana nyingine ndani ya gari.

Na badala ya "washa upya" tumia "anzisha upya", tena kwa kumtaja anayeanzishwa. Huku kwetu tunawasha gari au tunapiga stata. "Anzisha" liko huru. "Usizime" nalo halitoshi likiwa peke yake, maana kwenye gari vinazimwa taa, redio, kiyoyozi na injini.

Kama watengenezaji wa redio ile wangeniuliza, skrini ya mzee ingesomeka hivi:

"Kuna programu mpya ya redio. Kuiweka kutachukua dakika 20 hivi. Redio, ramani na kamera ya nyuma hazitafanya kazi mpaka imalizike. Egesha gari kwanza. Redio itajizima na kujiwasha yenyewe. Usiguse ufunguo wa gari." Chini yake vitufe viwili: "Weka sasa" na "Ahirisha".

Nimeandika "kujiwasha" kwa makusudi. Kile kiambishi kidogo -ji- katikati kinamwambia mzee kwamba kuwasha si kazi yake. Gharama ya redio mgawane na aliyekuuzia. Ukishindwa kumpata, kabla hujafunga nyingine mbandikie mteja karatasi yenye sentensi hiyo ya mwisho karibu na swichi.