Kanenepa, ni homoni au ukoo?

SWALI: Shoga zangu hapa Ngamiani wanasema mwanangu wa miaka 7 kanenepa sababu ya homoni, wengine eti ukoo maana baba yake naye bonge, nimsikilize nani? Mama K., Tanga

JIBU: Dada, ukoo umo kweli, jeni zinagusa njaa na kushiba, ila ile ya jeni moja tu kuharibika, mfano ile ya leptini (kemikali ya mwili inayouambia ubongo umeshiba) iliyogunduliwa 1994, ni nadra mno. Homoni nazo si mara nyingi (watu wanapenda kuzisingizia), na ukitaka kujua tazama kimo: homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni, zikipungua mtoto anaongezeka mwili huku harefuki, wakati mnene wa kawaida mara nyingi anawapita wenzie urefu. Sare za mwaka jana zimembana tumbo tu, au na suruali imempanda? Kama harefuki mpeleke hospitali ya Bombo wampime damu.