Ukitaka hela ya vitunguu, jua bei kabla ya dalali

Wakulima na wafanyabiashara wenzangu wa vitunguu, kila msimu naona watu wanapunjwa, na vitunguu vyao wala sio vibaya, shida hawajui leo Dar gunia linaenda shingapi. Mi natoa mzigo Ruaha Mbuyuni napeleka masoko ya Mabibo na Ilala hapo Dar, na nawaambia ukweli, kwenye hii kazi taarifa ndo mtaji wenyewe.

Dalali anakupigia usiku, "kaka magari yamejaa sokoni, bei imeshuka, ukichelewa mzigo utaota", na kweli kitunguu kikikaa kinaota kwahiyo unaogopa unaachia kwa bei yake. Usimjibu kwanza. Mi nina mama mmoja anauza rejareja Mabibo, namtumia vocha na nikifika namuachia vitunguu vya mboga, kila alfajiri ananitumia picha za fuso zilizopaki na kuniambia mzigo umetoka wapi. Huyu hapati chochote mi nikiuza kwa hasara, ndo maana namuamini, kwahiyo na wewe tafuta mtu wa hivyo na umlipe, hiyo vocha inarudi mara nyingi tu.

Kule Kerala, India, mchumi Robert Jensen alifuatilia wavuvi kipindi simu zinaingia pwani, kati ya 1997 na 2001. Kabla ya hapo boti inafika ufukweni wanunuzi wameshatosheka, samaki wanamwagwa, na soko la jirani tu watu wanawatafuta. Walipoanza kupiga simu wakiwa bado baharini kumwaga kukaisha, faida yao ikapanda kama asilimia 8 na mlaji naye akapata nafuu ya asilimia 4. Samaki ni walewale jamani!

Ila bei ya kwenye grupu la WhatsApp msiitegemee sana, ikishaonwa na watu wote kila mtu anapakia kuelekea soko hilohilo na ukifika imeshaporomoka. Mi naulizia zaidi mzigo unaokuja, mfano wanunuzi wa Kenya wakiingia kwa nguvu Mang'ola, kule Karatu kunakolimwa vitunguu, najua vingi vinavuka mpaka wa Namanga kwenda kwao na Dar vitapungua.

Na ukiambiwa bei ya gunia uliza ni kilo ngapi, maana lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kipimo, imekatazwa kisheria lakini shambani bado wanashindilia, unajisifu umepata bei nzuri kumbe kilo kibao umetoa bure. Nunueni mzani, mpime wenyewe kabla gari halijaja.