Maua nyeupe? Ni maua meupe jamani

Msomaji ameuliza: "Kilimanjaro, ukishatoka msituni, nimeona kichaka kidogo chenye maua nyeupe, majani kama sindano. Kinaitwaje, na ni sahihi kukiita kichaka?"

Kwa maelezo hayo ni jamii ya Erica, na kwa weupe huo nadhani ni Erica arborea. Angalia ua moja kwa karibu, lina umbo la kengele na ni dogo kuliko punje ya mchele. Kama maua ni makavu na yanachakarika kama karatasi ukiyashika, basi hiyo ni Helichrysum, mmea wa jamii nyingine. Jina Erica asili yake Kigiriki, na hilo la arborea, yaani wa mti, alilitoa mtaalamu wa mimea Linnaeus 1753, maana mmea huu hukua ukawa mti kabisa ila kule juu kwenye baridi unabaki mfupi. Kuhusu kichaka, hiyo ni mimea iliyosongamana, ukiwa mmoja umesimama peke yake sema mti mdogo.

Sasa hiyo "maua nyeupe" ndo inanichoma. Umepatanisha kichaka na chenye vizuri kabisa, neno moja mbele ukaharibu! Naikuta kwenye matangazo, kwenye magazeti, hadi kwenye vitabu vya watoto. -eupe ni kivumishi, kinafuata nomino yake: ua jeupe, maua meupe, mti mweupe, miti myeupe, kitambaa cheupe, mahali peupe. Nyeupe ni ya nguo, nyumba, karatasi. Na najua kosa linakotoka, mtoto anafundishwa rangi kwa kuimbishwa nyeupe, nyeusi, nyekundu, anakua akidhani hayo ni majina yasiyobadilika, kumbe yamekaa hivyo kwa sababu ya neno rangi lenyewe. Ndo maana "maua ya rangi nyeupe" ni sahihi, nyeupe hapo inafuata rangi, haifuati maua. Na usiniletee habari za bluu na zambarau, hizo ni nomino, hazibadiliki. Mtu huyohuyo akisikia "maua ndogo" anashtuka, ila "maua nyeupe" anaipitisha bila kupepesa macho, kwa nini?

Kwenye maongezi ya haraka haraka simkamati mtu, nimeshachoka. Kwenye maandishi sikubali. Andika "mti mdogo wenye maua meupe", na kama kweli ilikuwa imesongamana, "kichaka chenye maua meupe", hapo sina neno.