Kwa nini KIA ilijengwa porini, na je, imekua?

Ndugu, umeuliza kwa nini Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) uliwekwa wilayani Hai, kwenye mbuga, badala ya Arusha au Moshi mjini, na kama umepata maendeleo yoyote tangu ufunguliwe mwaka 1971.

Eneo lile ni tambarare na liko katikati ya miji hiyo miwili, kwa hiyo iliwezekana kujenga njia ya kurukia ndege yenye urefu wa takribani kilomita 3.6. Urefu huo si anasa: uwanja uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko, hasa jua la mchana likiwaka, ni nyepesi kiasi kwamba ndege kubwa iliyojaa mafuta huhitaji kukimbia umbali mrefu kabla ya kunyanyuka.

Kuhusu ukuaji, nadhani mshindani wake halisi ni Nairobi wala si Dar es Salaam, kwa kuwa watalii wengi wameshazoea kushukia Nairobi na kuja kwa basi kupitia mpaka wa Namanga. Hata hivyo, jengo la abiria lilikarabatiwa na kupanuliwa, kazi iliyokamilika mwaka 2017 kwa msaada wa Uholanzi. Ndege ya KLM kutoka Amsterdam ikitua usiku, utaona foleni ya wageni waliokwisha kuvaa viatu vya kupandia mlima, huku nje madereva wakiwasubiri na vibao vya majina.