Ctrl+Alt+L ilivyoniaibisha mbele ya bodi

Juzi usiku msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, kila nikibonyeza Ctrl+Alt+S nifungue mipangilio ya Android Studio (programu ya kutengenezea programu za simu), skrinseva, ile picha inayofunika skrini kompyuta ikitulia, inatokea. Nimechoka, kesho napiga Windows upya." Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana huko nimeshafika, na nauli nililipa.

Ilikuwa Morogoro, kwenye SACCOS moja iliyotaka programu ya simu kwa wanachama wake. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeacha Windows na kuhamia Linux Mint, mfumo mwingine wa kompyuta, naitangaza kama mlokole aliyeokoka jana. Projekta imewashwa, wajumbe wa bodi wametulia, mwenyekiti akaomba nibadilishe rangi ya kitufe palepale waone. Nikabadilisha. Vidole, bila kuniuliza, vikabonyeza Ctrl+Alt+L ili msimbo ujipange, kama nilivyozoea miaka yote kwenye Windows. Skrini ikajifunga. Ukutani inaonekana saa tu, kubwa kweli. Nikaandika nenosiri, nikakosea, nikaandika tena, ikafunguka. Nikaomba radhi, nikagusa mstari mmoja, vidole vikarudia! Mara ya tatu mwenyekiti akasema, "Kijana, hata mashine yako haikujui." Wakaangua kicheko. Kazi akapewa mwingine. Nimesamehe, lakini kicheko cha yule mhasibu bado nakisikia.

Kabla basi halijafika Dar nilikuwa nimeshamhukumu mtuhumiwa: Android Studio. Nikaifuta, nikaishusha upya, bando la wiki likaishia hapo. Hali ileile. Nikaingia kwenye mipangilio ya skrinseva, maana kwenye Mint ndiyo inayofunga skrini, nikaiambia isijiwashe kamwe. Hali ileile. Hapo ndipo wengi mnapopotea: kuizuia isijiwashe yenyewe baada ya dakika kumi ni jambo moja, vitufe vya kuiita ni jambo jingine kabisa, na havikai ukurasa mmoja.

Aliyenifumbua macho ni xev, kidirisha kidogo kinachoandika kila kitufe kinachokifikia. Nilibonyeza Ctrl+Alt+L, skrini ikajifunga, nikaifungua, nikasoma. Ctrl ipo. Alt ipo. L haipo. Mahali pake pameandikwa FocusOut na neno NotifyGrab. Yaani L haikuwahi kufika dirishani. Mfumo wenyewe uliidaka njiani. Ni kama wapiga debe stendi: wewe umeshika njia kwenda gari la Mbagala, mmoja amekudaka begi getini, na gari ulilolitaka hata halijui kwamba ulikuja. Android Studio niliyoifuta haikuwa na kosa lolote. Mint nayo haikuwa na kosa, maana Ctrl+Alt+L ndiyo desturi yake ya kufunga skrini. Wote wawili walikuwa na haki. Mjinga nilikuwa mimi, niliyehamia nyumba bila kuuliza swichi ya taa iko wapi.

Kurekebisha kulichukua dakika mbili. Fungua mipangilio ya kibodi, sehemu ya njia za mkato, kundi la mfumo, tafuta mstari wa kufunga skrini, bonyeza, weka vitufe vingine. Mimi kwa kiherehere nikaweka Super+L (Super ni kile kitufe chenye nembo ya Windows), mfumo ukaniambia ina mwenyewe: chombo cha kukagua Cinnamon, yaani mazingira ya eneokazi ya Mint yangu, ambacho sijawahi kukifungua maishani. Nikakinyang'anya. Ukitumia Xfce, mazingira mengine ya Linux, tafuta mstari wenye xflock4, amri yake ya kufunga skrini. Ukipenda kuiacha skrinseva na vitufe vyake, badilisha upande wa Android Studio, kwenye Keymap, ukurasa wa njia zake za mkato.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Acheni tabia ya kupiga mfumo upya kila kitu kikigoma. Ukipiga upya unafuta ushahidi. Uliza kwanza nani amedaka kitufe. Kabla hujafuta programu, uliza nani amedaka kitufe. Na kabla ya kusimama mbele ya mteja, bonyeza njia zako zote za mkato ukiwa peke yako chumbani, si mbele ya mhasibu.

Na wewe wa Ctrl+Alt+S: kwenye Windows, ikoni ya mkato iliyoko kwenye eneokazi (desktop) au kwenye menyu ya Start inaweza kupewa vitufe vyake, na Windows itavisikia hata ukiwa ndani ya programu nyingine. Tafuta ikoni inayoelekea kwenye faili la .scr, yaani la skrinseva, bofya kulia, ingia Properties, angalia kisanduku cha Shortcut key. Kifute. Nilimwandikia hivyo saa sita usiku.

Asubuhi akajibu. Ikoni aliiunda mwenyewe mwaka jana ili bosi akipita aifiche skrini haraka, akaisahau. Windows hakuipiga.